Dola ya sarafu iende kwenye mashine za kufulia, za kukaushia ziachwe na robo

Mzigo wa dola 6 katika londri ya kujihudumia ya Marekani unamlazimu mteja aingize robo dola 24, yaani sarafu za senti 25. Kwa sarafu za dola moja angeingiza 6 tu, na mfukoni angebeba chini ya gramu 49 badala ya 136. Mwenye londri naye anapumua, kwa sababu kasha la sarafu likijaa, zinazofuata hurundikana kwenye mfereji na mashine hugoma.

Hata hivyo, kubadilisha kila kitu ni kosa. Mashine ya kukaushia huuza dakika. Ambaye jinzi zake zimebaki na unyevu kidogo anahitaji dakika chache, na si haki kumtoza dola nzima. Huko robo ibaki.

Kwenye mashine za kufulia, anza kwa kutazama kipokea sarafu. Kile cha zamani cha kusukuma kwa mkono kina matundu ya robo, yenye kipenyo cha milimita 24.26. Dola ina 26.5, haiingii, ukiilazimisha inakwama, kwa hiyo badilisha vipande vya matundu. Kipo kingine kinacholinganisha kila sarafu na ya mfano iliyowekwa ndani: mfano ukiwa robo, dola zote zitarudishwa. Cha kielektroniki kinachofundishika, yaani kinachoweza kuwekewa aina za sarafu za kutambua, ndicho bora, kwani kinapokea aina zote mbili. Tatizo linalojirudia hapo ni mapigo, yaani ishara za umeme ambazo mashine huzihesabu kama malipo. Robo ikituma pigo 1 kwenye mashine, dola lazima itume 4. Fundi akisahau kuweka hilo, mteja anatoa dola anahesabiwa senti 25, na hana namna ya kuthibitisha. Jaribu kwa sarafu mpya na zilizochakaa kabla ya kufungua mlango.

Ugumu halisi uko kwenye upatikanaji. Tangu 2012 dola hizi hutengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji tu, si kwa mzunguko. Agiza mapema benki, kwa vifurushi vya sarafu 25, na ukishazipata usizirudishe huko: zitoke kwenye makasha zirudi kwenye mashine ya chenji. Mashine hiyo iwe na matangi mawili, moja la dola na moja la robo. Noti ya dola 20 itoe dola 16 na robo 16, ili mteja afue na kukausha bila kurudi kuomba chenji. Mashine yenye tangi moja la robo haifai kujazwa dola bila kubadilishiwa sehemu za kutolea sarafu.

Dola zenye sura ya Susan B. Anthony, mtetezi wa haki za wanawake, zilizoanza 1979, zitenge kila unapomwaga kasha. Ni za rangi ya fedha na zinafanana mno na robo. Mashine ya kufulia itazipokea kama dola, lakini mteja akipewa moja kwenye chenji ataipeleka kwenye tundu la robo la mashine ya kukaushia na kulikwamisha. Hizo ndizo za kupeleka benki. Kwenye tangi zibaki za rangi ya dhahabu, zilizoanza 2000.