Border Collie Anataka Kazi

Watu wengi humtaka Border Collie kwa sababu wamesikia ana akili kuliko mbwa wengine. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kusita.

Mbwa huyu ni wa wachungaji wa milima ya mpakani, kati ya Uingereza na Uskoti. Ukiufuata ukoo wa hawa tulio nao leo, karibu wote utawafikisha kwa dume mmoja, Old Hemp, aliyezaliwa Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1893 mikononi mwa mfugaji Adam Telfer. Sifa yake ilikuwa utulivu: aliinama, akawakazia kondoo macho, nao wakasogea bila kubwekewa. Wachungaji wakaipenda tabia hiyo, wakaizalisha kizazi baada ya kizazi. Basi kuvizia, kuzunguka na kuzuia vimo damuni mwake. Akikosa kondoo atachunga watoto, baiskeli, hata magari barabarani. Inaniuma kusikia mbwa wa namna hiyo akiitwa kichaa, kisha anafungwa mnyororo, ambao humzidishia shida.

Wengine hudhani dawa ni kumkimbiza. Mrushie mpira saa nzima kila siku, na baada ya miezi michache utakuwa na mbwa mwenye pumzi zaidi, anayeudai mpira usiku. Kichwa chake ndicho kinachotaka kuchoshwa. Chaser, Border Collie jike wa South Carolina, Marekani, alifundishwa na mwanasaikolojia John Pilley majina ya vitu zaidi ya 1,000! Wako hahitaji kufika huko. Mfichie vitu avitafute kwa kunusa, mfundishe kuja ukimwita hata mbuzi wakiwa mbele yake. Mfundishe pia kutulia, maana kwa mchungaji amri ya kulala chini na ya kuacha kazi zina uzito sawa na ile ya kukimbia.

Kwenye joto uwe macho zaidi, kwani akishika kazi hajui kujizuia, anaweza kuendelea mpaka aanguke. Mfanyishe mazoezi alfajiri au jioni. Manyoya yapige brashi kila wiki.

Kama unatoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, chagua mbwa mwingine. Kama una mifugo, au muda wa kweli wa kumfundisha kila siku, kabla ya kulipa omba uwaone wazazi wake wakiwa kazini, na majibu ya vipimo vyao vya nyonga na macho.