Binti yangu aliniuliza nani alibeba ile mifupa

Kwetu ni Lindi na huu ni mwaka wa 11 niko Berlin. Jumapili moja nilimpeleka binti yangu, ana miaka 9, kwenda kumuona yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) kwenye makumbusho ya hapa, yule ambaye bungeni Tanzania kila baada ya muda anatajwa arudishwe au asirudishwe. Mifupa yake imesimamishwa mita 13 na kitu kwenda juu, kichwa mpaka ukunje shingo ndo unakiona. Mtoto akaona jina Tendaguru akageuka, baba si ni kwetu huku? Nikamwambia ndio, ni Lindi. Akauliza tena, sasa nani aliibeba yote hii mpaka baharini?

Nikakosa jibu. Tendaguru kutoka Lindi mjini ni kama kilomita 60 tu, nimesoma pale msingi mpaka sekondari, historia nilikuwa nafaulu vizuri, na swali la mtoto wa miaka 9 likanishinda.

Usiku nilikaa kusoma mpaka saa nane. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 mpaka 1913 lakini waliokuwa na majembe mkononi ni watu wa kwetu, mamia kwa mamia, na mifupa ilibebwa na wapagazi kichwani na mabegani mwendo wa siku nne hivi mpaka Lindi, jumla inafika kama tani 230. Msimamizi wao mkuu alikuwa Mwafrika anaitwa Boheti bin Amrani, mwaka 2007 wanasayansi wakampa mjusi mwingine wa pale jina lake, Australodocus bohetii. Na angalieni miaka, vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani imeisha 1907, vijiji vya kusini vimechomwa, mashamba na maghala yamechomwa makusudi ili watu wafe njaa, halafu miaka miwili tu baadae wanaume haohao waliobaki wanabeba mizigo ya Mjerumani. Hili mimi sikuwahi kulisikia nyumbani hata siku moja.

Sasa niwaambie kitu cha wenyeji wa huku ambacho nakiheshimu sana. Kwenye njia za watembea kwa miguu kuna vijiwe vya shaba, sentimita 10 kwa 10, wanaviita Stolpersteine, kila kimoja kina jina la mtu aliyekuwa anaishi nyumba hiyo akachukuliwa na Manazi, mwaka aliozaliwa, alipopelekwa, alipouawa. Ulaya nzima vimeshapita 100,000. Mtaani kwetu kila tarehe 9 Novemba namuona jirani yangu mmoja anapiga magoti na mwanae, wana kitambaa na dawa ya kung'arishia, wanasugua taratibu mpaka herufi zinawaka, na huku anamsimulia huyu alikuwa fundi nguo, huyu alikuwa na umri kama wako. Hakuna mwalimu pale, hakuna mtihani. Ni baba na mwanae kwenye baridi.

Lakini baba huyohuyo ukimuuliza Maji Maji hajui. Tarehe 1 Novemba 2023 rais wao Steinmeier alikuwa Songea, akakutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na wenzake Februari 1906, akaomba msamaha. Rais mzima! Kesho yake kazini niliuliza watu watano na hakuna aliyesikia, na mwanangu shuleni wiki nzima halikutajwa. Kwa hiyo nisiwasifu kupita kiasi, wanachofundisha watoto ni kile walichoamua kukikumbuka, na sisi hatumo. Mtoto wangu asipoambiwa na mimi hapa hataambiwa na mtu.

Na nyumbani je? Kwa kweli nyumbani ndo kunaniuma zaidi maana kule vitu vyenyewe vipo mlangoni. Tumeachia shule kila kitu. Sasa hivi kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ni jambo zuri, ila mzazi akishaona mtoto ana daftari anaona kazi imeisha. Na shule inafundisha nini, Kinjikitile Ngwale mganga aliyegawa maji ya dawa, kijiji chake Ngarambe, 1905, maji yaligeuza risasi au hayakugeuza, chagua jibu sahihi. Mtoto anatoka pale anawaona mababu zake ni watu waliodanganywa na mganga basi. Hakuna aliyemwambia kwamba watu walikuwa wanalazimishwa kulima pamba huku mashamba yao yanakufa, kwamba Wamatumbi na Wangindo na Wapogoro na Wangoni waliingia vita moja bila simu wala redio, na waliokufa wanahistoria wengine wanafikisha mpaka 300,000. Hayo yanahitaji mtu wa kumkalisha mtoto na kumwambia hawa ni wako, baba wa babu yako alizaliwa miaka michache baada ya hapa.

Najua jibu la wazazi wengi, tumechoka, tuna hangaiko la ada, na sisi wenyewe hatujui. Hili la kutojua silikubali kabisa. Hapa Berlin kuna mtaa ulikuwa unaitwa Wissmann, yule Mjerumani aliyeivunja vita ya Abushiri ya kuwapinga Wajerumani pale pwani, Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889, na tangu 2021 unaitwa Lucy Lameck, mwanasiasa wetu mwanamke wa enzi za Mwalimu Nyerere. Kuna na Maji-Maji-Allee tangu 2024. Watanzania tunapita na watoto tunaangalia simu. Kusimama dakika tano chini ya kibao na kusema huyu alikuwa wetu, hiyo haihitaji digrii.

Baada ya lile swali nilimpigia mama Lindi, ana miaka 81, nikamuuliza kama aliwahi kusikia habari za watu waliobeba mifupa. Akakaa kimya, afu akasema babu yake alikuwa mpagazi wa Wazungu, alikuwa na kovu begani, wao wakiwa wadogo walikuwa wanalishikashika. Alibeba nini? Hajui. Mbona hukumuuliza mama? Akasema mwanangu sisi zamani mtoto hamuulizi mzee, na yeye hakusema.

Tunaenda likizo Julai. Binti ameshaandika maswali ya bibi yake kwenye daftari, yapo 14, na anataka nimrekodi bibi kwa simu wakati anajibu. La kwanza linauliza yule babu mwenye kovu alikuwa anaitwa nani.