Mnaosema "alisaini mwenyewe", hebu tuzungumze

Jumamosi nilikwenda kusukwa kwenye saluni ya dada mmoja wa Morogoro hapa Waterford, Ireland, nikamkuta amenuna. Ameletewa bili na chama kinachokusanya mirabaha, yaani malipo ya watunzi kila nyimbo zao zinapotumika, kwa sababu redio yake inasikika na wateja. "Redio nimenunua mimi, umeme nalipa mimi, sasa hawa wanadai nini?" Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye kioo kwa klipu ya nywele ili kila anayekaa aione. Nilipomwambia alipe, saluni nzima ikanigeukia. Eti nimeshakuwa mtu wa huku.

Sijawa mtu wa huku. Nililipwa mshahara wangu wa kwanza hapa nikatuma nusu Kihonda, na mpaka leo natuma. Ila lile neno limenikaa rohoni, na nataka kulijibu kwa habari za mwanamuziki aliyezaliwa kwenye mji huu, pamoja na kuwajibu mnaosema msanii aliyedhulumiwa ajilaumu kwa kuwa mkataba alisaini mwenyewe.

Anaitwa Gilbert O'Sullivan. Jina lake halisi ni Raymond, alizaliwa hapa Waterford Desemba 1946, baba yake mkata nyama. Walihama akiwa mdogo wakatafute maisha Uingereza, wakaishia Swindon. Kwa hiyo na yeye ni mtoto wa wahamiaji, wale wa kuambiwa lafudhi yako mbona hivyo. Piano yake iliwekwa kwenye kibanda cha bustani, na huko ndiko alikojifunzia kutunga. Bibi mmoja ninayemhudumia kazini humtaja kama mpwa wake, na ukimwekea wimbo wa Alone Again (Naturally) hufumba macho na vidole vyake vinagonga blanketi. Ni wimbo wa mtu aliyeachwa mbele ya kanisa siku ya harusi, halafu akawakumbuka wazazi wake waliokufa. Mwaka 1972 ulikaa namba moja Marekani kwa wiki 6. Mwaka huohuo na uliofuata akashika namba moja Uingereza mara mbili, kwa Clair na Get Down.

Huyo Clair alikuwa binti mdogo wa meneja wake, Gordon Mills, ambaye alimsimamia Tom Jones pia. O'Sullivan alikuwa akimlea yule mtoto wazazi wakitoka. Uhusiano ulikuwa wa namna hiyo, wa kindugu. Ndiyo maana mwaka 1970, akiwa na miaka 23, aliwekewa mikataba mezani akasaini. Nani anamkagua ndugu yake?

Baadaye akaanza kuuliza maswali, na urafiki ukaishia mahakamani. Hesabu zilizotoka zinasikitisha: kati ya 1970 na 1978 nyimbo zake ziliingiza takriban pauni milioni 14.5, na mkononi mwake zikafika kama nusu milioni. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya London ikampa ushindi. Kesi ikaenda rufaa, na majaji wa rufaa nao wakasema mikataba ile haisimami: kijana alimwamini mno meneja, na alisainishwa bila mwanasheria wake mwenyewe wa kumshauri. Haki za nyimbo na kanda asilia zikarudi kwake. Meneja naye hakuvuliwa nguo, majaji walikubali kwamba jasho lake lilistahili malipo ya haki. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pesa zenyewe.

Sasa turudi nyumbani Tanzania. Marehemu mjomba wangu alipiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya dansi, na alitunga. Wimbo wake mmoja mnaujua, mmeuchezea harusini. Miaka ya mwisho ya maisha yake kampuni moja iliufanya mwito wa simu. Alipokwenda kuuliza, kijana wa mapokezi alimwambia: "Mzee, wewe ulisaini mwenyewe." Mjomba hakukumbuka alisaini nini, wala kwa nani. Alirudi nyumbani na daladala. Alipofariki tulifungua grupu la michango, na shangazi aliandika daftarini elfu tano tano za watu. Nilimpigia simu mmoja wa wanakamati kutoka huku, na kabla hajapokea nikasikia gitaa la mjomba linaniitikia. Alikuwa ameununua ule mwito. Mjomba mwenyewe sanda yake ilichangiwa.

Najua mtakachosema. Kwanza, mkataa kwao ni mtumwa. Siikatai kwetu, naililia. Pili, kwamba O'Sullivan alikuwa na pesa za mawakili. Kweli, na mjomba hakuwa nazo, hilo silipingi hata kidogo. Tatu, kwamba Wazungu ndio waliomdhulumu huyohuyo Mzungu mwenzao. Naam! Aliibiwa hukuhuku Ulaya, na miaka yake mizuri ilipotelea kwenye kesi. Sijasema huku ni peponi. Nasema kwamba mahakama haikumwambia "ulisaini mwenyewe" ikafunga faili.

Na msiniambie sheria hatuna. Sheria yetu ya mikataba tuliirithi kwa haohao Waingereza, na ndani yake imo kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kumtawala mtu mawazo haimfungi. Tunayo! Kinachonichoma ni ulimi wetu. Sisi wenyewe, kabla hata ya hakimu, tunamhukumu mzee wa watu: hakusoma alichosaini, alikuwa mlevi, wasanii ndivyo walivyo. O'Sullivan naye alisaini mwenyewe.

Mwaka 1991 rapa Biz Markie wa Marekani alichukua kipande cha Alone Again bila ruhusa akakitia kwenye wimbo wake. Kesi ikapelekwa New York, na jaji akaanza hukumu yake kwa amri ya Mungu: usiibe. Tangu hapo studio za Marekani zikajifunza kuomba kibali kabla ya kukata kipande cha wimbo wa mtu. O'Sullivan mwenyewe yuko kisiwa cha Jersey, bado anatunga, mwaka 2022 alitoa albamu akiwa na miaka 75. Mjomba aliuza gitaa lake akiwa na 61, nikiwa nimesimama mlangoni, mnunuzi akilijaribu nyuzi moja moja.

Dada wa saluni nilimsimulia yote haya huku akinisuka. Alinyamaza mpaka mistari ya nyuma, halafu akauliza mjomba wangu aliitwa nani. Nilipomtajia, mkono wake ukasimama kichwani mwangu. Akaanza kuuimba ule wimbo, beti zote mbili. Kisha akaing'oa ile karatasi kioo­ni, akaikunja, akaitia kwenye pochi pamoja na bili ya umeme.

Jana nimemwandikia binamu atazame sanduku la mjomba, kama kuna karatasi yoyote yenye saini yake. Amejibu kwamba sanduku lipo, ila ufunguo shangazi aliondoka nao Kilosa. Anaufuata Ijumaa.