Rimoti ya Mama Haikufa, Ilishikwa na Chumvi

Naomba sisi watu wa Mombasa tuzivue rimoti zetu nailoni. Najua tunavyozitunza. Rimoti mpya ikiingia nyumbani, kabla mtoto hajaigusa, inakuwa imeshazungushiwa karatasi ya plastiki na kukazwa kwa raba bendi mbili, juu na chini, isiingie vumbi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilituondolea mifuko sokoni, lakini nailoni za rimoti tulibaki nazo.

Ya mamangu ilivishwa hivyo siku ileile iliyotoka dukani. Mama ana miaka sabini na ushei, magoti yanamsumbua, na kiti chake pale nyumbani Tudor kiko ubavuni mwa dirisha linalotazama hori. Mwaka jana mwezi wa Juni, kusi ikivuma usiku na mchana, kitufe cha kuongeza sauti kikaacha kuitika. Akakibonyeza kwa kidole gumba, akakibonyeza kwa vidole viwili, mwisho akawa anaipiga rimoti kwenye kiganja kama mtu anayekung'uta mchanga kiatuni. Kakangu akamwambia, "Mama, hiyo imekufa. Nitakuletea nyingine."

Akaleta moja ya zile zinazoitwa za kila TV, shilingi 300. Kuwasha iliwasha, na sauti iliongeza, lakini nusu ya vitufe havikujulikana vina kazi gani, na kile cha kumrudisha mama kwenye chaneli zake hakikuwepo kabisa. Siku ya tano nayo ikanyamaza. Tulipoirudisha, muuzaji akatuambia rimoti haina garantii. Nilikasirika, na mpaka leo nikikumbuka naona tulidhulumiwa. Lakini hasira hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye ile ya kwanza, ambayo kwa bahati njema mama alikataa itupwe.

Wako wanaosema rimoti ni kitu cha kuendekeza uvivu. Hao hawajaishi na mtu mzima ambaye kusimama kwake ni shughuli. TV za zamani zilikuwa na vitufe na swichi za kuzungusha usoni, mtu yeyote aliinuka akafanya mambo. TV nyingi za sasa zina kitufe kimoja kilichofichwa chini ya kioo, na kuna dikoda ambazo bila rimoti huwezi hata kubadilisha chaneli. Tangu Kenya ilipohamia dijitali mwaka 2015, sebule nyingi zina rimoti mbili, ya TV na ya dikoda, na moja ikigoma nyingine haikufikishi mbali. Mama husubiri taarifa ya habari ya saa moja usiku kama anavyosubiri adhana. Kumkosesha hiyo kwa sababu ya kitufe kimoja cha mpira si jambo dogo.

Kwanza nikataka kujua kama rimoti yenyewe inatuma chochote. Jambo hili kila mwenye simu anaweza kulifanya. Rimoti inazungumza na TV kwa mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni, mwanga wa infraredi, unaotoka kwenye kile kitaa kidogo cha mbele. Kitaa hicho kinamemeteka takriban mara 38,000 kwa sekunde, kwa mafungu mafungu, na kila fungu lina maana yake. Jicho letu halioni, ila kamera ya simu mara nyingi inaona. Fungua kamera ya mbele, maana ya nyuma kwa simu nyingi ina kichujio kinachozuia mwanga huo, elekeza rimoti kwenye kamera, bonyeza. Ukiona kitaa kinawaka rangi ya zambarau au nyeupe, rimoti inasema. Huenda shida iko kwenye TV, au ni jua la alasiri linalokipiga kile kijicho cha TV kinachopokea mwanga wa rimoti. Kisipowaka kwa kitufe chochote, tazama betri na springi zake. Kikiwaka kwa vitufe vyote isipokuwa kimoja viwili, ugonjwa uko kwenye mpira. Ya mama ilikuwa hivyo hasa. Vyote viliwaka, sauti haikuwaka.

Tukakaa mezani na mpwa wangu wa Gredi ya 8, tukaivua. Nailoni ilipotoka, ndani yake palikuwa na unyevu. Maji hayakuwa ya kudondoka, lakini ukipitisha kidole kinateleza, na harufu ilikuwa kama ya kitambaa kilichokunjwa kikiwa kibichi. Jasho la mkono huingia humo halitoki. Hewa yetu ya chumvi huingia humo haitoki. Tunajua hewa hiyo inavyokula mabati, inavyokula vyuma vya madirisha, inavyoila baiskeli iliyolala nje msimu mmoja, halafu tunaifungia rimoti pamoja nayo kwenye mfuko na kuamini tumeilinda. Chumvi huvuta unyevu. Ndiyo maana vitu vya Mombasa havikauki sawasawa, na ndiyo maana rimoti inayodumu miaka kumi bara huku kwetu inalalamika mapema. Naisema hii kwa uzito wote: kwenye pwani, nailoni inaiua rimoti upesi kuliko vumbi.

Skrubu ilikuwa moja, imejificha kwenye nyumba ya betri. Nyingine huwa chini ya kibandiko, na ziko rimoti zisizo na skrubu hata moja, zimeshikwa na meno ya plastiki peke yake. Usitumie kisu. Tulitumia kadi ya benki iliyokwisha muda, tukaipitisha kwenye mshono wa ganda polepole kuanzia upande wa mbele, tukasikia meno yakiachia moja moja, tak, tak, tak. Kijana alitaka kufungua kwa nguvu. Nikamwambia jino moja likivunjika hapo, ganda halitafunga tena.

Ndani hamna mambo mengi. Kuna kibao cha saketi, kuna mpira mmoja mzima uliobeba vitufe vyote, basi. Geuza ule mpira. Nyuma ya kila kitufe utaona kidonge cheusi cha kaboni. Kwenye kibao, mahali kidonge kinapokanyaga, kuna njia mbili za umeme zilizopishana kama vidole vya mikono miwili visivyogusana. Ukibonyeza, kidonge kinaziunganisha, na kile kijisaketi cha katikati kinaamka na kutuma ujumbe wake. Mtu akiliona hilo mara moja haogopi rimoti tena. Mpwa wangu alilikodolea macho, kisha akasema, "Khalati, kumbe ni swichi tu!"

Chini ya kitufe cha sauti palikuwa na utando wa mafuta, unang'aa kama karatasi iliyofungiwa mahamri. Sehemu yake ni mikono yetu wenyewe: mbaazi za asubuhi, mafuta ya nazi, jasho. Lakini sehemu kubwa hutoka kwenye mpira wenyewe, kwani silikoni ikizeeka hutoa mafuta yake kidogo kidogo, na kitufe kinachobonyezwa sana ndicho kinachoathirika zaidi. Umeme haupiti kwenye mafuta. Ndiyo maana mama alikuwa akibonyeza kwa nguvu na mara moja moja kinaitika, kwa kuwa nguvu hiyo ilikuwa inausukuma utando pembeni.

Mpira tuliuosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa mswaki laini, bila kuvisugua sana vile vidonge, maana kaboni yake ni nyembamba na ikitoka imetoka. Msasa usithubutu. Na hapa kuna jambo ambalo wa bara hana haja ya kuambiwa: usisuuze kwa maji ya kisima. Nyumba nyingi za Mombasa zinatumia maji ya chumvi kwa kuoshea, na ukisuuza kwa hayo umeirudisha chumvi uliyokuwa unaiondoa. Tulichota kikombe kwenye mtungi wa maji matamu, yale ya kunywa. Kibao hatukukitia majini. Tulikipangusa kwa pamba na spiriti ya duka la dawa, ile isiyochanganywa mafuta, tukabadilisha pamba mpaka ikatoka nyeupe. Ya kwanza ilitoka nyeusi, ya pili kahawia, ya tano safi. Kisha vyote vikakaa mbele ya feni usiku mzima. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa kufunga kitu kikiwa bado na unyevu.

Betri nazo zina habari yake. Tulipozitoa, springi moja ilikuwa na unga mweupe. Betri za alkali zikivuja huacha unga huo, nao unababua ngozi, kwa hiyo usiushike kwa mkono mtupu wala usimwachie mtoto. Tone la siki au ndimu kwenye pamba linatosha. Utaona povu dogo, kisha pangusa kwa maji matamu kidogo, kausha, halafu sugua chuma kwa raba ya kufutia penseli mpaka king'ae. Betri za bei nafuu za zinki na kaboni zina tabia nyingine, kwamba kopo lenyewe la zinki ndilo linaloliwa betri inapotumika, hivyo likikaribia kwisha linatoboka. Usingoje zife kabisa ndani ya rimoti. Wala usichanganye mpya na kuukuu.

Na ile desturi yetu ya kuzizungusha betri kwa kidole mpaka rimoti ifufuke, mara nyingi betri hazijapata nguvu yoyote mpya. Umekwaruza uchafu na kutu kidogo pale betri inapogusana na springi, njia ya umeme ikapatikana kwa siku mbili. Betri za rimoti ni volti 1.5 kila moja, mbili zinafanya 3, na uchafu kidogo tu pale unatosha kuzuia umeme wake. Kwa hiyo ukijikuta unazizungusha kila siku, usikimbilie kununua mpya. Safisha springi. Mara nyingine nawaza ingekuwaje kama tungebaki na ile rimoti ya Robert Adler, mhandisi wa kampuni ya Zenith ya Chicago, ya mwaka 1956. Haikuwa na betri hata moja. Ulipobonyeza, kinyundo kidogo kiligonga kijiti cha alumini, nacho kikatoa mlio ambao sikio la binadamu halisikii lakini TV inausikia.

Asubuhi tukaifunga rimoti ya mama. Kila kitufe kikawaka kwenye kamera isipokuwa kile kile cha kuongeza sauti, ambacho kiliwaka na kuzima kwa kusitasita. Kaboni ya kidonge chake ilikuwa imekwisha. Nikaenda kwa fundi mmoja Majengo, si kumwachia kazi bali kumuuliza. Akaitazama, akasema, "Dada, hii usinipe pesa. Tafuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara." Unakata kipande sawasawa na kidonge, upande wa karatasi unaupaka gundi kidogo sana na kuubandika kwenye kidonge, upande wa fedha unatazama kibao. Akaniambia pia kwamba rimoti iliyoanguka sakafuni ikanyamaza palepale haina shida ya mpira. Hapo miguu ya kile kitaa au ya kristali, kile kijipande kinachokipa kijisaketi mdundo wake, imeachia risasi iliyoishika kwenye kibao, na hiyo ndiyo ya kumpelekea fundi mwenye pasi ya kulehemu. Namheshimu mtu wa namna hiyo. Angeweza kunitoza mia mbili na nisingejua.

Ninachotaka kusema kwa wenye maduka ni kwamba kuuza rimoti nzima kwa kila hitilafu si huduma. Wauze mipira ya vitufe, wauze springi. Na serikali, ambayo kwa sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 imewatwika watengenezaji na waagizaji jukumu la bidhaa zao zikishachakaa, iwafuate pia kwa vitu hivi vidogo. Tunazungumzia friji na simu, lakini rimoti na betri zake zinapita kimya kimya kwenye mfuko wa taka za jikoni, zinapakiwa pamoja na maganda ya nazi mpaka jaa la Mwakirunge, na kule kuna watu wanaochokora kwa mikono mitupu.

Wiki ile majirani wawili walituletea za kwao. Moja ilikuwa ya betri iliyovuja, tukaiponya kwa ndimu. Ya pili ilikuwa imeanguka, tukampeleka mwenyewe kwa yule fundi.

Ya mama sasa ina miezi kumi, haina nailoni, na kila mwanzo wa mwezi mpwa wangu anatoa betri na kupangusa springi. Kitufe cha sauti kimekuwa kigumu kidogo kuliko vingine kwa sababu ya ile karatasi ya fedha. Nilitaka kukirekebisha, mama akanikataza. Anasema umeme ukirudi usiku na taa hazijawashwa, kidole chake kinakitambua.