Bwana Harusi na Mguu Wake

Harusi ya binamu yangu ilikuwa Uyole, mwezi wa saba, na anayeijua Mbeya ya mwezi wa saba anajua suti ya kukodi haizuii baridi yake. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake.

Mwalimu wa kwaya alitufundisha kuingia ukumbini. Wimbo ni wa nne kwa nne, akasema: pigo la kwanza zito, la tatu lina uzito kiasi, la pili na la nne mepesi. Na kwa kuwa Mungu alitupa miguu miwili, ukianza na kushoto, “moja” itaangukia kushoto mpaka mfike meza kuu. “Kwenye moja, nesa kidogo.” Tukanesa jioni baada ya jioni hadi shangazi akaridhika, na shangazi haridhiki ovyo.

Siku yenyewe umeme ukakatika tukiwa mlangoni. Jenereta likawashwa, lakini mpiga kinanda, vidole vimekufa ganzi, alikuwa keshabonyeza mdundo gizani. Ukatoka wa tatu kwa nne: dum-chi-chi, dum-chi-chi. Naye, badala ya kuuzima, akaukunja wimbo uingie humo humo.

Sasa piga hesabu. Moja kushoto, mbili kulia, tatu kushoto, halafu moja... kulia! Tatu haigawanyiki kwa miguu miwili. Mimi nikafuata sikio, nikawa nanesa mara kushoto, mara kulia. Matroni akang'ang'ania nne zake za mazoezini, na tulikuwa tumeshikana mikono. Nyonga ziligongana hadi ua la kotini likadondoka. Bi harusi akatembea tu, kama mtu anayekwenda sokoni.

Bwana harusi ndiye aliyetumaliza. Yeye aliapa “moja” haitaondoka kushoto, kwa hiyo akakanyaga kushoto, akakanyaga kulia, kisha kwenye “tatu” akasimama kidogo kuisubiri “moja.” Kushoto, kulia, kimya. Kushoto, kulia, kimya.

Bibi mmoja wa upande wa mke, katoka Tukuyu, hakunong'ona: “Mlipoleta posa, mbona mguu hamkuutaja?”

Muziki ukazimwa. Mshenga akaitwa. Baba mkubwa wa bi harusi akaomba kijana atembee hadi kwenye keki na kurudi. Akatembea wima, hatua safi, wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, vigelegele vikapigwa.

Mpiga kinanda akadhani vigelegele ni vyake. Dum-chi-chi.

Mguu wa binamu yangu ukaganda hewani.