Usingizi wa kidato cha pili na jua la Mwanza

Katika shule nyingi za sekondari za kutwa jijini Mwanza, mwanafunzi hutakiwa awe ameshika fagio kabla ya saa 1 asubuhi, kisha asimame mstarini, na baada ya hapo aingie kipindi cha kwanza, ambacho mara nyingi ni hisabati. Mwalimu aliyewahi kufundisha kidato cha pili saa hiyo anazijua zile nyuso: kalamu iko mkononi, macho yako wazi, lakini akili haijafika. Tumezoea kuuita uvivu. Naamini tunakosea, ingawa sikubaliani pia na wanaodai kwamba dawa yake ni kuisogeza mbele kengele ya asubuhi.

Mtoto wa darasa la pili huamka na jogoo. Anapobalehe, homoni ya melatonini, ile inayouandaa mwili kulala, huanza kutoka kwa kuchelewa usiku, hata kwa saa 1 au 2 zaidi ya zamani. Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani amelichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa. Kijana huyo bado anahitaji kulala saa 8 hadi 10, ila usingizi haumjii mapema hata akilazimishwa kupanda kitandani. Ndiyo maana mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Jiji la Seattle lilipohamisha masomo kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 mwaka 2016, wanafunzi waliopimwa waliongeza takribani dakika 34 za usingizi kwa usiku, wala hawakuzimalizia kwenye kukesha kama wengi walivyohofia.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo sijasikia likijadiliwa vya kutosha. Saa ya mwili hufuata mwanga wa jua, ilhali kengele ya shule hufuata saa moja ya taifa zima. Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi zipatazo 6 za longitudo, na kwa kuwa kila uzi mmoja ni dakika 4, jua letu huchelewa kwa wastani wa dakika 25 hivi. Huchomoza kati ya saa 12:25 na saa 1 kasoro. Kijana anayeshuka milima ya Mabatini ili awahi usafi anatembea gizani, na mwili wake bado uko usiku.

Hata hivyo, hoja za upande wa pili ni nzito. Anayeanza masomo kwa kuchelewa atatoka kwa kuchelewa, na hapa jua likishazama, kati ya saa 12:40 na saa 1:10 jioni, giza huingia haraka. Mzazi wa binti anayerudi Buhongwa kwa miguu ana kila sababu ya kukataa. Alasiri nayo, chini ya bati lisilo na dari, joto humchosha hata aliyelala vizuri. Tena mama anayewahi mwaloni Kirumba, kunakoshushwa samaki, hupenda kuona mtoto ametoka kabla yake. Kwa sababu hizo kengele ningeiacha palepale. Ningehamishia usafi mchana baada ya vipindi, ningepeleka hisabati saa 3 au saa 4, na saa ya kwanza ningeipa somo la mazoezi ya vitendo au majadiliano. Hayo yanaweza kupangwa na mwalimu wa taaluma kwenye ratiba yake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba simu ndiyo inayowakesha vijana. Ni kweli kwa sehemu, kwani mwanga wa kioo huzidi kuichelewesha melatonini, lakini mwanafunzi wa kando ya ziwa anaweza kukesha bila kuwa na simu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mitumbwi hurudi alfajiri, na wapo watoto wanaosaidia kuanika kabla ya kuvaa sare. Mbalamwezi ikiwaka, uvuvi husimama nao wakalala. Mwalimu wa shule iliyo karibu na mwalo akiliweka daftari la mahudhurio kando ya kalenda ya mwezi, huenda akagundua kwamba yule anayemwadhibu kwa kusinzia husinzia kwa majuma maalumu tu.