Mvuke wa Menengai tunauona, bei ya stima je?

Mwandishi wa makala moja anasema serikali inataka tuache makaa tupikie stima, kwa kuwa karibu asilimia 90 ya umeme wetu Kenya ni wa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Sipingi. Mitambo ya mvuke ya Olkaria iko kaunti yetu ya Nakuru, na ya Menengai, papa hapa Nakuru, inatoa stima tangu 2023.

Lakini hebu usome meseji ya tokeni, ile unayopata ukilipia stima kabla ya kuitumia: pesa zako zimegawanywa, hizi za stima, hizi za "makato mengine". Humo ndani kuna tozo ya mafuta ya mitambo ya dizeli (mafuta, na mvuke tunao!), ya usambazaji wa stima vijijini, na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Mama wa githeri hapa mtaani Free Area ana koili ya stima aliyonunuliwa na mwanawe. Anachemshia chai tu. Githeri ni makaa ya mkebe, maana mkebe unanunulika kwa mauzo ya leo.

Na sera hazitulii. 2020 vifaa vya sola vikaanza kutozwa VAT, 2021 ikaondolewa. Fundi aliyeagiza mzigo katikati hapo amlilie nani? Watutolee tozo ya mafuta sisi wa uniti chache, jiko tutajinunulia.